Kidonge cha nyanya na feri ya Likoni: Hivi ndivyo dawa za mkojo zinavyofanya kazi kwenye figo

Umewahi kungoja feri ya Likoni ukiwa umebanwa na mkojo? Kama umewahi, basi makala hii ushaielewa nusu. Unaijua ile hali. Umeteremka hadi chini, lango limefungwa, feri ndiyo kwanza inang'oa nanga kutoka upande wa pili, jua liko utosini, na wewe unahesabu dakika kama mfungwa. Sasa hebu jifanye wewe ni mama wa miaka 71, miguu mizito, na saa moja iliyopita umemeza kidonge ambacho kazi yake ni moja tu: kukupeleka chooni.

Nyanya yangu anaishi Mtongwe. Kliniki yake ya moyo iko kisiwani. Kwa karibu mwaka mzima, kila siku aliyokuwa na safari ya kuvuka alikuwa hamezi dawa, na hakumwambia mtu. Siku za kliniki hamezi. Siku za harusi hamezi. Siku za matanga hamezi. Akija kwetu Kisauni kutusalimia, hamezi. Ukijumlisha, karibu nusu ya mwezi kidonge hakijapita kooni.

Tulikuja kujua usiku aliposhindwa kulala bila mito mitatu, kwa sababu kila akilala chali pumzi inakatika. Miguu ilikuwa imefura hadi ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki pale pale. Tukamkimbiza hospitali, akalazwa siku tano. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani kumchukulia leso na mswaki, na chini ya godoro nikakuta mkebe wa maziwa ya unga umejaa vidonge vyeupe vidogo.

Nilipomuuliza, alinitazama bila haya yoyote. "Mwanangu, nijikojolee kwenye feri mbele ya watu wazima? Afadhali nife na heshima yangu."

Sasa nikuambie kilichoniuma. Mimi niliacha chuo. Nilikuwa nasomea diploma ya ufamasia, nikafika mwaka wa pili, karo ikakata, nikatoka. Leo ninauza kava za simu Kongowea na kuandika mtandaoni usiku. Mengi niliyosoma yameshatoka kichwani, lakini somo la dawa za mkojo lilibaki. Yaani jibu la tatizo la nyanya nilikuwa nalo mwaka mzima. Sikuwahi kumuuliza swali.

Kwa hivyo leo nakuletea lile somo, bila karo. Mimi si daktari, na makala hii si ruhusa ya kumbadilishia mtu dawa. Lakini kuna mtu nyumbani kwenu anazimeza hizi dawa, wallahi yupo, na pengine hakuna aliyemweleza zinafanya nini.

Mitungi tisa kwa siku

Wewe wa Kisauni au Likoni unajua mtungi wa lita 20. Umeununua kwa mtu wa mkokoteni, umeubeba ngazi tatu, umegombana na ndugu zako juu yake. Basi figo zako mbili, zikiwa nzima, huchuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu kila siku. Hiyo ni mitungi tisa.

Lakini wewe hukojoi mitungi tisa. Unakojoa lita moja na nusu hivi, labda mbili. Hizo nyingine zinaenda wapi? Zinarudishwa kwenye damu. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi figo. Wanadhani figo ni kama kitambaa cha kuchujia tui: linapita, makapi yanabaki, mambo kwisha. Sivyo. Figo kwanza humwaga karibu kila kitu nje, halafu hupitia kimoja kimoja ikiamua kipi kirudi ndani. Kuchuja ni kazi rahisi. Kazi kubwa ni kuokota.

Kila figo ina vichujio kama milioni moja, vinaitwa nefroni. Kila nefroni ina kichwa cha kuchujia, na nyuma yake mfereji mwembamba uliopindapinda, ambamo ndimo kuokota kunakofanyika. Pamoja na zile lita 180, kila siku hupita humo kama kilo moja na nusu ya chumvi. Kilo moja na nusu! Na karibu yote inaokotwa na kurudishwa.

Maji hufuata chumvi

Ukisahau mengine yote, kumbuka hili moja. Maji hufuata chumvi.

Unajua tayari, ila hukuwahi kulifikiria. Ukikata nyanya na vitunguu vya kachumbari, ukatia chumvi, ukaacha dakika kumi, ukirudi unakuta sahani imejaa maji. Samaki akipakwa chumvi ya kukaushia hutoa maji. Chumvi ikienda, maji yanaifuata nyuma kama mtoto na mamake.

Kwenye figo ni vivyo hivyo. Mfereji ukiirudisha chumvi kwenye damu, maji nayo yanarudi. Chumvi ikizuiwa isirudi, maji yanabaki nayo mferejini na yote yanaenda kibofuni. Kwa hivyo dawa za mkojo, ambazo kitaalamu huitwa daiyuretiki, karibu zote hazigusi maji yenyewe. Zinagusa chumvi. Zinaiambia figo: "Leo chumvi hii usiiokote." Maji yanatoka yenyewe.

Swali ni: zinaizuia wapi? Hapo ndipo aina zinapotofautiana.

Matatu yenye stage nne

Chukua matatu kutoka Bamburi kwenda Feri. Matatu hiyo ndiyo mfereji wa nefroni, abiria ni chumvi. Kushuka njiani maana yake ni kurudi nyumbani, yaani kwenye damu. Atakayebaki ndani mpaka mwisho anamwagwa baharini, yaani kwenye choo. Tuseme kuna stage nne: Kongowea, Mwembe Tayari, Posta na Feri yenyewe. Kila aina ya dawa hufunga mlango kwenye stage yake.

Stage ya kwanza: Kongowea

Hapa ndipo umati unaposhuka. Karibu theluthi mbili ya chumvi yote hurudishwa kwenye sehemu hii ya kwanza ya mfereji, pamoja na sukari yote ikiwa huna kisukari.

Ungedhani dawa ya kufunga stage hii ndiyo kali kuliko zote. Hapana. Dawa yake, asetazolamidi, inayojulikana kwa jina la Diamox, ni dhaifu. Kwa nini? Kwa sababu abiria waliokosa kushuka Kongowea bado wana stage tatu mbele, na wengi wanashukia huko. Siku hizi haitumiki sana kwa kutoa maji mwilini. Hutumika kwa presha ya macho, na wapanda milima huimeza wakienda Mlima Kenya au Kilimanjaro ili kujikinga na ugonjwa wa mwinuko.

Kuna nyingine inaitwa manitoli. Hii haifungi mlango wowote. Ni aina ya sukari ambayo mwili haiwezi kuiokota, hivyo inakaa mferejini ikiyashikilia maji mpaka mwisho. Haimezwi nyumbani. Hutundikwa kwa dripu hospitalini, kwa mfano mtu akiumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda na ubongo ukaanza kuvimba.

Na kuna kizazi kipya, kama dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya kisukari. Huziba mlango wa sukari kwenye stage hii, sukari inatoka na mkojo, na unajua tena nani anayefuata nyuma yake. Sasa zinatolewa pia kwa watu wenye moyo dhaifu na figo zinazoanza kuchoka, hata kama hawana kisukari.

Stage ya pili: Mwembe Tayari

Hapa ndipo kilipo kidonge cha nyanya.

Mfereji hapa unapinda kama kipini cha nywele, unateremka ndani kabisa ya figo kisha unapanda tena. Huitwa kitanzi cha Henle, kwa jina la tabibu Mjerumani Jakob Henle wa karne ya 19. Kwenye upande wa kupanda, kama robo ya chumvi yote hushuka.

Lakini hawashuki ovyo. Hapa kuna tuktuk. Na tuktuk hii ina sheria: haiondoki mpaka ipate abiria wanne, watatu nyuma na mmoja akibanana na dereva. Wanne wenyewe wamepangwa: sodiamu mmoja, potasiamu mmoja, kloraidi wawili. Sodiamu na kloraidi ndio wale wanaofanya chumvi ya mezani. Akikosekana mmoja, tuktuk haitoki.

Furosemidi, ambayo mtaani sote tunaiita Lasix, inachofanya ni kukalia kiti cha kloraidi. Basi. Tuktuk imekwama, wote wanne hawaendi popote.

Na kuna la zaidi. Hizi tuktuk ndizo zinazojaza chumvi ndani kabisa ya nyama ya figo, na chumvi hiyo baadaye hutumika kuvuta maji kutoka kwenye bomba la mwisho. Tuktuk zikisimama, chumvi ile inapungua, na figo inapoteza nguvu ya kuvuta maji kule mwisho. Yaani Lasix inapiga mara mbili. Na abiria waliobaki ni wengi kuliko stage mbili zilizobaki zinavyoweza kubeba. Ndiyo maana ni kali hivyo. Ndiyo maana mtu akija hospitali mapafu yamejaa maji, hii ndiyo anayodungwa.

Ukiimeza, huanza kazi ndani ya saa moja na hudumu kama masaa sita. Hata jina Lasix husemekana limetokana na hilo, kwamba hudumu masaa sita. Kumbuka hii habari ya masaa sita, tutairudia.

Ubaya wake? Inamwaga pia potasiamu, magneziamu na kalsiamu. Na sikio la ndani lina tuktuk zinazofanana na hizi, ndiyo maana mtu akidungwa dozi kubwa kwa haraka anaweza kusikia masikio yanavuma au hata kupoteza usikivu.

Stage ya tatu: Posta

Hapa wanashuka wachache, kama asilimia tano hadi saba ya chumvi yote. Gari lao ni dogo, la abiria wawili: sodiamu na kloraidi. Dawa zinazolizuia huitwa thiazidi. Maarufu zaidi ni haidroklorothiazidi. Usijali kulitamka jina lote, kwenye pakiti huandikwa HCTZ. Ukiona jina la dawa ya presha linamalizikia na H au HCT, mara nyingi ndiyo imechanganywa humo.

Zamani hizi hazikuwepo. Mwaka wa 1919 huko Vienna, mwanafunzi wa udaktari alimdunga mgonjwa wa kaswende dawa yenye zebaki. Dawa ilikusudiwa kutibu kaswende. Muuguzi aliyekuwa akiandika kiasi cha mkojo akashangaa: mkojo ulikuwa unamiminika. Basi kwa miaka kama 30 hivi dawa kali ya kutoa maji mwilini ilikuwa sindano ya zebaki, ambayo ni sumu. Ni mpaka miaka ya 1950 ndipo watafiti wa kampuni ya Merck huko Marekani walipopata klorothiazidi, kidonge cha kumeza. Kiliingia sokoni 1958.

Kama dawa ya kukojoza, thiazidi si kitu mbele ya Lasix. Lakini kwa presha, ndiyo mfalme wa bei nafuu. Mwanzoni hupunguza maji, halafu baada ya wiki kadhaa mishipa ya damu yenyewe inalegea na presha inakaa chini. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ALLHAT, uliotoka 2002 na kuhusisha zaidi ya watu 33,000, ulionyesha kuwa dawa ya jamii hii haikushindwa na dawa mpya za bei ghali.

Na huku kwetu? Mwaka wa 2019 kulitoka utafiti uitwao CREOLE, uliofanywa kwa Waafrika zaidi ya 700 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Walijaribu dawa mbili mbili kwa pamoja. Waliopewa amlodipini pamoja na HCTZ walishuka presha vizuri kuliko waliopewa perindoprili na HCTZ. Amlodipini na perindoprili nayo ilifanya vizuri. Kwa hivyo ukiona mzee wako wa Changamwe amepewa amlodipini na HCTZ, usidhani amepewa za bei rahisi kwa sababu hana pesa. Zina ushahidi nyuma yake, tena ushahidi wa damu kama yake.

Ubaya wa thiazidi: zinamwaga potasiamu, zinaweza kupandisha sukari kidogo, na kuleta jongo, yale maumivu makali ya kidole gumba cha mguu. Kwa wazee, wakati mwingine sodiamu hushuka mno wakaanza kuchanganyikiwa. Nyanya ya mtu akianza kuongea visivyoeleweka baada ya kuanzishiwa dawa mpya, usiharakishe kusema ni majini. Mpeleke akapimwe damu.

Stage ya nne: Feri

Hapa ni mwisho. Imebaki chumvi kidogo, asilimia tatu hivi, lakini hapa ndipo mwili unapofanya uamuzi wa mwisho. Mlango wa hapa ni wa kubadilishana: sodiamu anaingia ndani, potasiamu anatolewa nje.

Sasa umeelewa kwa nini Lasix na HCTZ hupoteza potasiamu. Zinaleta umati wa sodiamu hapa Feri, sodiamu wanang'ang'ania kuingia, na kila wakiingia potasiamu wanasukumwa nje.

Mlango huu una msimamizi, homoni iitwayo aldosteroni. Akitoa amri, milango zaidi inafunguliwa. Kuna dawa mbili za hapa. Amiloridi huziba mlango wenyewe. Spironolaktoni, jina lake la kibiashara ni Aldactone, huenda kwa msimamizi: inakalia kiti chake, amri haitoki. Zote mbili hutoa maji kidogo tu, lakini hulinda potasiamu. Tena spironolaktoni hulinda moyo. Mwaka wa 1999 utafiti wa RALES ulionyesha kuwa kuiongeza kwa wagonjwa wenye moyo dhaifu sana kulipunguza vifo kwa asilimia 30. Mashaka yake ni kwamba wanaume wengine huota matiti. Ukimuona mjomba ameacha dawa kimya kimya bila kusema sababu, huenda ni hiyo, na anaona haya. Iko dawa mbadala, aseme tu.

Madafu: rafiki au adui?

Hapa ndipo Pwani tunapaswa kuwa makini kuliko watu wa bara.

Dafu lina potasiamu nyingi. Ndizi pia. Ukiwa kwenye Lasix au HCTZ na figo zako nzima, dafu halina ubaya. Lakini ukiwa kwenye spironolaktoni, hasa kama figo zimechoka, potasiamu haitoki. Ukiijazia madafu matatu kwa siku kwa sababu mtu amekuambia "yanasafisha figo", potasiamu inaweza kupanda mpaka moyo usimame. Huoni dalili yoyote mapema. Ndiyo maana daktari anakuitisha vipimo vya damu kila mara, si kwamba anataka kukuchuna pesa.

Jingine: dawa za maumivu. Wazee wetu wanameza diclofenac na ibuprofen kama njugu kwa sababu ya magoti. Dawa hizi huibana damu inayoingia kwenye figo na huifanya dawa ya mkojo isifanye kazi vizuri. Ukiichanganya na dawa fulani za presha, figo zinaweza kufeli. Nyanya yetu alikuwa akinunua za kufungiwa kwenye karatasi dukani, mbili mbili. Hata hilo hakuna aliyemuuliza.

Kilo mbili za uongo

Sasa nigeukie sisi vijana, maana najua wengine mnasoma huku mkisema haya ni mambo ya wazee.

Binamu yangu wa Changamwe alikuwa anaolewa. Gauni lilimbana. Rafiki akamwambia anunue Lasix. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, lakini sote tunajua maduka yanavyouza. Siku mbili, kilo mbili zikapotea. Alifurahi kweli. Siku ya tatu, siku ya hina, misuli ya miguu ikamkaza, moyo ukaanza kwenda mbio, akaanguka sebuleni mikono ikiwa na hina mbichi. Potasiamu ilikuwa chini.

Na zile kilo mbili? Zilirudi ndani ya wiki. Kwa sababu hayakuwa mafuta, yalikuwa maji. Dawa hizi haziyeyushi hata gramu moja ya mafuta. Mizani inakudanganya.

Wa jimu nao wanazitumia wapate misuli ya kuonekana, na mabondia ili waingie uzani fulani. Ukishindana rasmi, jua kwamba daiyuretiki ziko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na WADA, kwa sababu huweza kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Mwaka wa 2015, kwenye mashindano ya dunia ya riadha kule Beijing, Wakenya wawili, Joyce Zakary na Koki Manunga, walipatikana na furosemidi. Wakafungiwa miaka minne. Na mwaka wa 2003 nyota wa kriketi wa Australia, Shane Warne, alirudishwa nyumbani kabla ya mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia. Alisema alipewa kidonge na mamake. Kidonge chenyewe kilikuwa mchanganyiko wa stage ya tatu na ya nne, HCTZ na amiloridi. Alifungiwa mwaka mmoja.

Chumvi inarudi na mlango wa nyuma

Jambo moja ambalo nyanya hakulijua, na mimi nilikuwa nimelisahau. Masaa sita ya Lasix yakiisha, figo hukasirika. Inaanza kuokota kila chembe ya chumvi inayopita ili kufidia. Kwa hivyo ukimeza asubuhi, halafu usiku ukala papa wa chumvi na wali, ukamalizia na mihogo ya pilipili iliyonyunyiziwa chumvi, figo inazoa yote. Umekojoa bure.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho ni pamoja na cha kwenye mchuzi, mkate, chipsi na achari. Na tusisahau maji ya visima vyetu. Visima vingi vya huku bara ya Likoni na Kisauni vina maji ya munyu. Ukipikia maji ya munyu na kutia chumvi tena, kijiko chako ushakimaliza kabla ya kukaa mezani.

Turudi kwenye feri

Nyanya alipokuwa wodini nilimsimulia daktari habari ya mkebe. Nilidhani atafoka. Alicheka kidogo, akavuta kiti, akamuuliza nyanya saa ngapi huwa anarudi nyumbani siku za kuvuka.

"Saa nane mchana nishafika, daktari."

"Basi siku hizo meza saa nane. Itafanya kazi mpaka saa mbili usiku, halafu unalala."

Nyanya akanyamaza. Kisha akauliza, sauti ya chini kabisa, "Kwani yaruhusiwa?"

Kumbe ilikuwa hivyo tu. Kidonge cha masaa sita, na mtu wa kumwambia kwamba hayo masaa sita yanaweza kusogezwa. Aliandikiwa asubuhi, na kwake yeye neno la daktari ni kama sheria: ama asubuhi, ama basi. Siku tano wodini, mito mitatu, shimo la kidole mguuni, yote kwa sababu ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Na mimi niliyekuwa na jibu nilikuwa Kongowea nikibandika vioo vya simu.

Sasa ana daftari dogo. Binti wa jirani humwandikia: siku, uzito, saa ya kumeza. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache anapiga simu kliniki, maana anajua ni maji yanarudi. Papa wa chumvi amemuacha kwa shingo upande. Siku za kuvuka, akirudi tu, kabla hata ya kuvua buibui, anaitisha maji ya kumezea.

Basi nakuomba kitu kimoja. Leo ukifika nyumbani, usimuulize mzee wako "Umemeza dawa?" Atakujibu ndiyo, wote hujibu ndiyo. Muulize: "Ni siku gani huwa humezi, na kwa nini?" Halafu nyamaza umsikilize. Na ukishapata jibu, msindikize kliniki, ulipeleke kwa daktari.